MIG ya bila gesi, mwaka mmoja chini ya Peugeot 504 ya mzee: vile nimeiona

Nilisema siandiki kitu kuhusu hii mashine ya kuchomelea mpaka imalize mwaka mikononi mwangu, kwa sababu rivyu nyingi unasoma mtu amefungua boksi jana, ameunganisha vyuma viwili vya geti kwa meza, akasema iko poa nunueni, halafu wewe unaenda kuinunua ukitaka kushona sakafu ya gari la zamani ambayo chuma chake ni chembamba kama kifuniko cha sufuria na inakuwa ni kilio tu. Sasa mwaka umeisha, rola sita za waya za kilo moja moja zimeisha, na naweza kusema kitu nikiwa na uhakika.

Yangu ni MIG ndogo ya inveta, yaani weldi inayosukuma waya yenyewe kutoka kwa rola badala ya rodi, ile unabeba na mkono mmoja, inachomelea bila mtungi wa gesi kwa sababu waya wenyewe una unga ndani, na huo unga ukiungua unatoa moshi wa kukinga weldi isiharibiwe na hewa. Nilinunua hapa mjini Kisumu KSh 19,500 na ndani ya boksi kulikuwa na kioo cha kushika kwa mkono, brashi ya waya na karola kadogo ka majaribio. Brandi sitaji. Ziko nyingi na zinafanana, rangi tu ndio tofauti, kwa hivyo naongea kuhusu hii aina yote na vile unafaa kuikagua kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kwanza gari, ndio muelewe niliinunua ya nini. Ni Peugeot 504 saluni ya 1979, gia ya usukani, namba ya zamani ile ya kabla ya KAA. Mzee wangu alikuwa mwalimu na hiyo Pijo ndiyo ilitubeba sisi wote, harusi, matanga, shule, kila kitu. Anaipenda hiyo gari vile watu wa rika lake wanaipenda, atakuambia 504 ilitoka 1968 na 1969 ikapewa taji la gari bora la mwaka huko Ulaya, halafu anakuja sasa kwa yale yenyewe yanamtoa machozi, Safari Rally ya 1975 Ove Andersson akishinda nayo na 1978 Jean-Pierre Nicolas akishinda na ile ya milango miwili ya V6, yote aliifuata kwa redio. Gari yetu ilisimama 2006 nyumbani Luanda ya Vihiga, chini ya mwembe, baada ya klachi kuisha na pesa kukosekana. Mzee akawa anaweka mbegu za maharagwe kwa buti kwa sababu ilikuwa inafunga vizuri kushinda stoo. Miaka ikaenda, siku moja akafungua akapata panya wamemaliza gunia lote, na hivyo ndivyo tulijua sakafu imeoza, kwa sababu panya haingii Pijo kama chuma kiko sawa.

Nikaleta bredauni, tukapita Maseno pale kwa ikweta, tukashuka mteremko wa Kisian polepole na mzee mwenyewe amekaa mbele kwa dereva akigeuka kila dakika kuangalia kama bado iko nyuma. Nyumbani kwangu ni Mamboleo. Gereji yenyewe ni mabati yameegemea ukuta wa nyumba, sakafu ya simiti upande mmoja tu, taa moja, soketi moja. Hiyo ndiyo hali, na mashine naipima kwa hiyo hali.

Sasa kitu muhimu kuhusu 504 na magari mengi ya hivyo ni kwamba haina chesisi ya kando kama ya lori au Land Rover. Bodi ndiyo chesisi. Zile sill mbili za chini ya milango ndizo uti wa mgongo, zikioza gari inaweza kukunjika katikati taratibu na hutajua mpaka siku mlango unakataa kufunga. Kwa hivyo weldi ya pale si ya urembo, ni ya kubeba watu. Nilipobandua sill ya kushoto nilipata mtu aliwahi kuitengeneza zamani, sijui ni nani na sitaki kujua, aliweka kipande cha mabati ya nyumba, akapiga riveti nne, akajaza fila, ile pati ya kujazia bodi, unene wa kidole na ndani kabisa gazeti limekunjwa ili fila isidondoke. Juu rangi safi kabisa. Watoto wa mzee tulikuwa tunakaa juu ya hiyo gazeti tukienda Kakamega. Hiyo kitu ilinikasirisha mpaka nikaamua hii kazi naifanya mwenyewe hata kama itachukua miaka mitatu, angalau nitajua kila inchi imeshikwa na nini.

Chaguo zilikuwa tatu. Weldi ya kawaida ya rodi, ile ya mageti, ninayo na naijua, lakini rodi ya milimita 2.5 kwa chuma cha chini ya milimita moja inatoboa kabla hujasema moja. Ya pili ni gesi, oksijeni na kabaidi vile mafundi wengi wa bodi hapa jua kali wanatumia, na fundi mzuri wa gesi nampa heshima yote, anaweza kushona mudigadi usione mshono, lakini joto lake linatambaa mbali, paneli kubwa ya bapa kama sakafu inajikunja kama chapati ikiwa mkono si wa uzoefu, na kuweka mitungi ya gesi karibu na dirisha la watoto sikutaka. Ya tatu ndiyo hii. Kuna pia MIG ya gesi yenyewe, safi sana, lakini mtungi ni gharama juu ya gharama, na hapa Kisumu ile saa tisa upepo wa ziwa ukianza kuingia kwa gereji isiyo na mlango unapeperusha gesi yote weldi inabaki na matundu. Waya wa unga haujali upepo sana. Hiyo peke yake ilinifanya nichague.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanatupa hii mashine wakisema ni takataka.

Wiki mbili za kwanza nilijuta. Nilikuwa najaribu kwa vipande vya bonneti ya zamani, na kila nikibonyeza, cheche zinaruka mpaka kwa paa, matone ya chuma yanashika kila mahali, na weldi yenyewe inakaa juu ya chuma kama tope limetupwa kwa ukuta, ukiigonga na nyundo inabanduka yote. Ama inatoboa. Katikati hakuna. Nilirudi dukani wakaniambia nimezoea rodi, mkono wangu ndio haujui. Nikarudi nyumbani nikaendelea kuharibu waya. Jirani yangu ni mzee anatengeneza mageti, miaka yake yote ni weldi, siku hiyo alikuwa anapita akasimama kwa mlango akasikiliza tu, hakuangalia hata, akasema, "Omera, hiyo kitu inalia vibaya. Fungua mlango wake wa pembeni tuone." Nikamwambia mzee hapo ndani ni rola ya waya tu. Akasema fungua.

Ndani, chini ya rola, kuna vichwa viwili vya nati, kimoja kimeandikwa alama ya kujumlisha na kingine ya kutoa, na kuna kipande kifupi cha waya mnene unaotoka kwa bunduki ya mashine, ile unashika mkononi ukichomelea. Ilikuwa imefungwa kwa kujumlisha. Hiyo ni ya kutumia waya mtupu na gesi. Kwa waya wa unga bunduki inafaa kuwa kwa kutoa, na klipu ya athi, ile inabana chuma unachochomelea, ndiyo iende kwa kujumlisha. Yaani mashine iliuzwa kwangu kama ya bila gesi, na waya wa bila gesi ndani, lakini imefungwa ya gesi, na hakuna mtu pale dukani alijua wala kitabu cha maelezo hakikuwemo. Spana ya 13, dakika tano, tukabadilisha. Nikabonyeza. Sauti ikabadilika palepale, ikawa ile ya omena ikiingia kwa mafuta moto, mfululizo, na weldi ikazama ndani ya chuma badala ya kukaa juu. Mzee wa mageti akatingisha kichwa akaenda zake. Hakutaka hata chai. Mimi nilikaa chini kwa tairi nikaangalia hiyo weldi kama dakika kumi hivi.

Kwa hivyo kama umenunua yako na unaona inatupa cheche kama fataki, kabla hujaitukana fungua mlango wa pembeni.

Jambo la pili ni hiyo 200 iliyoandikwa kwa uso wa mashine. Wanaandika 200 amp kwa herufi kubwa. Chukua kalamu. Plagi yetu ya nyumbani ni amp 13 na stima ni volti 240, ukizidisha ni wati 3,120, na hapo hujatoa zile zinapotea kwa joto ndani ya mashine. Kuchomelea kwa amp 200 kunataka kama volti 24 hivi kwa ncha ya waya, ambayo ni wati 4,800. Hiyo haiwezi kutoka kwa soketi yako, labda ufungiwe laini yake peke yake. Kwa kazi ya bodi ya gari haina shida kabisa kwa sababu mimi nafanya kazi kati ya amp 40 na 60, hata fyuzi haijawahi kukatika, lakini wewe unayetaka kuunganisha chuma cha trela usidanganywe na hiyo namba. Na tena ule muda wa kupumzika, kwa kibati cha nyuma cha yangu imeandikwa asilimia 30 kwa nguvu ya juu, maana yake kwa kila dakika kumi unachomelea tatu na unaiacha saba ipoe. Kwa amp 45 ukidona dona sijawahi kuiona ikizima yenyewe.

Ekstensheni ndiyo adui. Nilikuwa na ile reli ya waya mwembamba, jioni wakati kila mtu mtaani amewasha kitu na stima imeshuka, mashine ilikuwa inapumua kama mtu wa pumu, waya unatoka lakini moto hauna nguvu, unagonga chuma na kurudi. Nikanunua waya wa stima wa milimita 2.5 za mraba, mita kumi, nikatengeneza ekstensheni yangu, na siku zote naikunjua yote chini kwa sababu ikibaki imezungushwa inachemka. Sasa nachomelea asubuhi ya Jumamosi kabla ya saa nne, stima iko juu na hewa ni baridi. Jioni nafanya kazi ya msasa.

Kwa kazi yenyewe wacha nieleze sill ya kushoto, kwa sababu hapo ndipo mashine ilijionyesha. Kabla sijakata chochote nilichomelea bomba la mraba la inchi moja kutoka nguzo ya mlango ya mbele mpaka ya katikati, na lingine nyuma, ili bodi isilale ile sill ikitoka. Gari iko kwa stendi nne, si jeki, jeki ni ya kuinua tu haifai kubeba gari wewe uko chini. Nikapima uwazi wa mlango kwa tepu, kona kwa kona, nikaandika kwa ukuta na chaki. Ndipo nikakata na grinda mpaka nikafika kwa chuma kinachong'aa, na hapa usiwe na huruma, ukiacha hata sentimita moja ya kutu weldi haishiki, inatoboa tu, na kila ukiziba tundu linazaa lingine kubwa. Nilikata zaidi ya vile nilitaka mara tatu.

Sehemu mpya nilikunja kwa shiti ya geji 20 kwa fundi wa masanduku ya bati pale Kibuye, wale wanakunja chuma siku nzima wana macho kushinda tepu, nilimpelekea kipande cha zamani akakiangalia akakunja kingine. Halafu kushona. Hapa hakuna kuvuta mstari mrefu kama wa geti. Unadona. Unabonyeza, unahesabu moja, mbili, unaachia, unangoja ule wekundu ufe, unaenda kudona mbali, sentimita ishirini upande ule mwingine, unarudi katikati, hivyo hivyo, mpaka zile nukta zinakaribiana na mwisho zinashikana. Kila baada ya nukta kadhaa unapiga brashi ile slagi, ganda la unga ulioungua, itoke kwa sababu ukichomelea juu ya slagi unafungia uchafu ndani. Mahali kuna tundu nimefinya kipande cha bomba la shaba likawa bapa, naliweka nyuma, weldi haishiki shaba, tundu linajaa vizuri. Upande mmoja wa sill ulinichukua Jumamosi tatu. Nilipokata yale mabomba ya kushikilia, nikarudi kwa ile chaki ya ukutani na tepu. Tofauti ilikuwa milimita moja. Nikafunga mlango wa mbele wa abiria na kidole kimoja, ukafanya ile sauti ya Pijo, tup, nzito, ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa kijana.

Weldi zake si nzuri kwa macho. Lazima niseme hivyo. Hata baada ya kuizoea kuna matone kando kando na utatumia flapu diski, ile ya msasa ya grinda, sana, na mahali panaonekana kama juu ya mudigadi inabidi uwe na subira ya kusugua na kupoza, kusugua na kupoza. MIG ya gesi ingeniachia kazi nusu ya hiyo. Kwa sakafu, sill, chini ya betri pale asidi ilikuwa imekula kila kitu, hakuna mtu anaona na zimeshika mpaka nimejaribu kuzibandua na patasi zimekataa.

Waya nao una tabia zake. Huu hewa wetu wa ziwa una unyevu, ukiacha rola ndani ya mashine wiki mbili bila kuitumia waya unapata wekundu kidogo na ule unga wa ndani unashika maji, weldi inatoka na vitundu vitundu kama uji ukitokota. Karola kalikokuja na boksi kalikuwa tayari hivyo. Sasa nikimaliza natoa rola, naifunga kwa mfuko wa plastiki na vile vipakiti vya kukausha vinatoka kwa maboksi ya viatu, naiweka juu ya kabati ya nyumba. Halafu kale kagurudumu ka kusukuma waya, usikikaze sana, unga ukisagika ndani ya waya unajikunja nyuma kama kiota na unapoteza mita mbili tatu kila mara. Kaza mpaka waya usukume kipande cha mbao ukajikunja kidogo, basi hapo panatosha. Klipu ya athi iliyokuja nayo ni bati tu, ilikuwa inachemka na kuachia, dukani walikataa kubadilisha wakasema warantii haifiki hapo, nikanunua nyingine nzito ya KSh 450 na hiyo shida ikaisha siku hiyohiyo.

Moto sasa. Kabla ya kuchomelea toa betri, toa tanki la petroli, toa kapeti na viti vyote. Nilifanya hayo yote na bado nilikaribia kuchoma gari, kwa sababu 504 imebandikwa ile lami ya kuzuia kelele ndani ya sakafu, nyeusi, na mimi nilikuwa chini naona nukta zangu zinakuja vizuri, sikuona juu kunafanyika nini. Mama watoto alikuwa anaanika nguo akaona moshi mweusi unatoka kwa dirisha la gari akapiga nduru, "Baba nanii toka huko!" Ilikuwa imeanza kuwaka mahali pa sahani mbili hivi. Ndoo ya mchanga ilikuwa karibu, ikazima. Tangu hiyo siku nakwangua lami yote kwanza, kiganja kizima kila upande wa mahali nachomelea, na kuna mtu anakaa upande wa pili akiangalia. Sifanyi nikiwa peke yangu.

Kile kioo cha mkono tupa. Mkono mmoja kioo, mwingine bunduki, kipande cha chuma utashika na nini? Nilikuwa nafunga macho nikabonyeza, na usiku huo saa saba niliamka nikidhani nimemwagiwa mchanga machoni, machozi yanatoka hayaishi, asubuhi nikaenda kliniki ya macho. Kofia ya kujitia giza yenyewe nilinunua KSh 2,800 na ningejua ningeihesabu kama sehemu ya bei ya mashine tangu mwanzo.

Na hii ya maziwa, wenzangu tuongee. Kila fundi atakuambia kunywa paketi ya maziwa ukimaliza. Kunywa, ni chakula, lakini maziwa yanaenda tumboni na moshi umeenda kwa mapafu. Huu waya wa unga una moshi mwingi kushinda weldi nyingine, na ukichomelea mabati yenye zinki bila kuikwangua, usiku unapata baridi, unatetemeka, viungo vinauma, na sisi watu wa Kisumu tunakimbia kupima malaria, kumbe ni zinki. Mimi nafungua pande zote mbili, naweka feni nyuma yangu ikisukuma moshi mbali na uso, na mabati ya nyumba hayaingii kwa hii gari tena.

Kuna kitu si mashine lakini kimenisaidia mpaka lazima nikitaje. Molasi. Tuko karibu na miwa, Muhoroni, Chemelil, kila agroveti ina molasi ya ng'ombe kwa bei ya chini. Dumu limekatwa katikati, molasi sehemu moja kwa maji sehemu tisa, unatupa ndani bawaba, mabano, nati, vyote vimekauka na kutu, unafunika, unasahau wiki tatu. Inanuka, weka mbali na dirisha. Ukitoa ukisugua na brashi unapata chuma cha kijivu safi kabisa mpaka unaona alama za kiwandani. Suuza, kausha, pasha mafuta au praima siku hiyohiyo, kwa sababu na huu unyevu ukiacha ilale usiku inaamka nyekundu. Bawaba za milango minne zote nimeziokoa hivyo, na hizo kwa maduka ya spea hapa sikuzipata popote.

Sasa alama. Kwa mtu mwenye gari moja la zamani, gereji ya nyumbani, soketi moja, na moyo wa kukaa Jumamosi nzima kwa sentimita thelathini, naipa 8 kwa 10. Mbili nimetoa, moja ni ya usafi wa weldi na nyingine ni ya kuuzwa ikiwa imefungwa kinyume bila kitabu, klipu mbovu na waya wenye unyevu, kwa sababu mtu angekata tamaa na gari la babake likarudi chini ya mwembe. Kama wewe ni fundi wa kulipwa kwa siku, usiichukue, utawachelewesha sana wateja, tafuta ya gesi. Kama hujawahi kushika weldi yoyote, ichukue lakini maliza rola moja nzima kwa vipande vya mudigadi zilizotupwa kabla hujaikaribia gari. Ukienda dukani omba wafungue mlango wa pembeni mbele yako, angalia bunduki iko kwa alama gani, angalia gurudumu la waya lina mfereji wa milimita 0.8, na uulize waya wa ziada na ncha za ziada, zile za mdomo wa bunduki waya unapotokea, wanauza wapi. Ncha ni za kubadilisha mara kwa mara, mimi nimemaliza kama kumi na tano.

Mzee alikuja mwezi uliopita. Injini bado iko mezani imefunguliwa, gari haina viti wala vioo. Alizunguka bila kusema kitu, akaingiza fimbo yake kwa mlango wa nyuma akagonga sakafu, kushoto, kulia, chini ya buti pale panya walipitia. Akagonga tena kushoto. Akaniuliza, "Hapa hukuweka fila?" Nikamwambia hapana mzee, hiyo ni chuma mpaka mwisho. Akaniambia nimtafutie debe la kukalia. Nikaliweka pale kiti cha dereva kinakaa, akaingia polepole, akafunga mlango, mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe kwa ile gia ya usukani, akaivuta moja, mbili, tatu, nne, gari haiendi popote, na mimi nikarudi chini ya mudigadi ya nyuma kumalizia nukta zangu kabla stima haijashuka.